Mkunga wa Chake Chake anauliza: nichague eneo gani la biashara ya mtandaoni?

Swali: Asalaam aleikum bibi. Mimi ni muuguzi mkunga, nafanya kazi hospitalini hapa Pemba na naishi Chake Chake. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo nataka kuanzisha biashara ndogo ya mtandaoni nje ya saa za kazi: ushauri na mafunzo ya afya kwa Kiswahili. Nimeandika orodha yangu: lishe, kisukari, uzazi, ngozi, kupunguza unene na afya ya akili. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kanambia nifuate penye pesa, mwengine kanambia nifuate ninachokipenda. Na mimi naogopa, nikichagua kimoja, si nitawapoteza wateja wa vile vyengine? Pia kuna rafiki yangu wa Unguja anataka nimuuzie vidonge vya kupunguza unene kwa kamisheni. Nifanye nini?

Jibu: Waalaikum salaam mwanangu. Hiyo orodha yako inasomeka kama vibao vya milango ya hospitali. Lishe huku, ngozi kule, kisukari chumba cha mwisho. Sisi tuliokulia wodini ndivyo tunavyoiona dunia, lakini mtu aliyeko nyumbani haioni hivyo. Saa nane za usiku hakuna anayetafuta idara. Anatafuta mtu wa kumwambia kwa nini mtoto analia na titi liko mdomoni. Kwa hiyo weka orodha pembeni kwanza, ujiulize: ni nani hasa anayenihitaji, yumo katika kipindi gani cha maisha yake, na pesa itatoka mkononi mwa nani?

Jibu la swali hilo unalo kwenye simu yako. Fungua WhatsApp, rudi nyuma miezi mitatu. Ruka makundi ya harusi na ya vikoba. Tafuta kila mtu aliyekuuliza jambo la afya ukiwa nyumbani, huna sare mwilini, halafu andika kwenye daftari: nani kauliza, kauliza nini, saa ngapi, na kwa niaba ya nani. Hilo la mwisho usiliruke, nitalirudia. Nimewafanyisha kazi hii wauguzi, wafamasia na watu wa mazoezi ya viungo, na karibu kila mmoja anakuta watu wake wameshajichagua wenyewe. Mfamasia anakuta wazee wenye shinikizo la damu wasiojua kidonge kipi ni cha asubuhi. Mtu wa mazoezi anakuta watoto wa mzee aliyepigwa na kiharusi. Wewe ni mkunga, sitashangaa ukikuta ujumbe kama huu:

"Dada samahani kwa usiku. Wifi yangu kajifungua jana, maziwa hayajatoka, na mama mkwe anasema mtoto apewe maji ya sukari asije akafa na njaa. Tumpe?"

Uangalie vizuri ujumbe huo, maana umebeba biashara nzima. Anayeuliza si mzazi mwenyewe, ni wifi. Anayeamua si mzazi wala wifi, ni mama mkwe. Na jibu la kitabuni, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, ni sahihi lakini halimsaidii mtu usiku ule. Linalomsaidia ni kuambiwa kwamba maziwa ya mwanzo yale ya njano huwa kidogo na yanatosha, kwamba mengi huja siku ya pili hadi ya nne, na kwamba yatakuja mapema zaidi mtoto akiwekwa titini mara nyingi mchana na usiku. Aambiwe pia cha kuangalia: ikifika siku ya tano au ya sita, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Kisha umfundishe namna ya kulifikisha kwa mama mkwe bila ya kumvunjia heshima, mathalan: "Mama, mkunga kasema tumsubiri kidogo, tumuweke titini kila anapotaka, na kesho tumpeleke akaangaliwe." Mama mkwe akipewa kazi ya kufanya, maji ya sukari huyasahau.

Jibu hilo huwezi kulipata kwenye programu iliyotengenezwa London, na hata mwenzako wa Mwanza atalikosea kidogo, kwa sababu hajui nyumba ya mzazi wa Kipemba inavyokwenda. Wewe unajua. Unajua siku arobaini zinavyohesabiwa, nani anamkanda mzazi maji ya moto, nani anamfunga mkaja, kile kitambaa cha tumboni, uji wa pilipili manga unaletwa saa ngapi na shangazi gani atakasirika usiponywewa. Wakunga wengi wakiingia mtandaoni huanza kuyapiga vita hayo yote kwa pamoja, na hapo ndipo wanapowapoteza watu. Mengi yake hayana neno. Uji unywewe. Mkaja ufungwe kwa kiasi cha mtu kupumua na kukaa vizuri, na aliyepasuliwa mshono wake uachwe mkavu na uangaliwe kila siku. Maji ya kukanda yapimwe kwa mkono wa mkandaji kwanza, maana ngozi ya mzazi aliyechanika haivumilii moto ule wa zamani. Ukiyagawa hivi, hili sawa, hili punguza, hili acha kabisa, hata bibi wa nyumba atakusikiliza.

Basi ushauri wangu ni huu, na nausema bila ya kuzungukazunguka: chukua mzazi wa mtoto wa kwanza, kuanzia mwezi wa tisa wa mimba hadi arobaini yake iishe. "Uzazi" kwa jumla ni pana mno. Ndani yake mna kupanga uzazi, ugumba, mimba changa, watoto wa miaka miwili. Kipindi nilichokutajia kina mwanzo na mwisho, na mtu anajua lini kaingia na lini katoka.

Kuna sababu ya kitaalamu pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na tena wiki ya sita. Hesabu mwenyewe pengo lililopo kati ya wiki ya pili na ya sita. Mzazi yuko kwa mamake Wawi au Vitongoji, mlango umefungwa, wageni wanaingia na kutoka, na mhudumu wa afya hamuoni. Shinikizo la damu la uzazi linaweza kuja hata baada ya kujifungua. Dalili zake, maumivu makali ya kichwa na macho kuona kiwi, nyumbani wanaambiwa ni uchovu. Homa na uchafu wenye harufu vinaitwa joto la maziwa. Mkunga wa kwenye simu hawezi kuvitibu hivyo, wala asijaribu. Anachoweza ni kumwambia mtu "ondokeni sasa hivi, mwende hospitali" saa sita za usiku, akasikilizwa kwa sababu wanamjua. Huduma yako yote itasimama juu ya uaminifu huo.

Sasa pesa. Mzazi mwenyewe mara nyingi hana, na ukimwandikia tangazo yeye peke yake utapata "mashaallah dada, Allah akuzidishie" nyingi na muamala hata mmoja usiuone. Ndiyo maana nilikwambia uandike ni kwa niaba ya nani. Kuna mume aliyeko kazini Unguja au Dar es Salaam. Kuna dada aliyeolewa Muscat ambaye hakuweza kuja kumuuguza mdogo wake, na roho inamuuma. Huyu wa Muscat ndiye mteja wako mkubwa. Anayo njia ya kutuma pesa, anatumia WhatsApp kutwa, na saa yake imetutangulia moja tu, kwa hiyo kikao cha baada ya Isha Chake hakimkoseshi usingizi. Tangazo lako limzungumze yeye: "Mdogo wako anakaribia kujifungua na wewe uko mbali? Mkunga yuko karibu naye kwa siku arobaini." Wa kuhudumiwa ni mmoja na wa kulipa ni mwengine, ukilielewa hilo mapema utaokoa miezi.

Na muuzie kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwezi wa tisa watu wananunua beseni, kanga, vitambaa na mafuta ya mtoto. Pesa imeshatengwa na moyo uko wazi. Mtoto akishakuja hakuna mwenye nafasi ya kusoma tangazo lako.

Bei usiipange kwa aibu, ipange kwa hesabu. Tuseme kila mzazi anatoa shilingi 25,000 kwa arobaini yote, yaani kama wiki sita. Ukimhudumia mmoja mmoja na kila mmoja akala saa moja na nusu kwa wiki, kwa wiki sita umetumia saa tisa. Umepata kiasi cha shilingi 2,800 kwa saa, umekosa usingizi na zamu ya usiku inakungoja. Uwaweke kumi kwenye kundi moja, vikao viwili vya saa moja kwa wiki, una shilingi 250,000 kwa saa kumi na mbili, yaani zaidi ya 20,000 kwa saa. Maswali yao yanafanana sana, na aliyeona haya kuuliza anajibiwa kwa swali la mwenzake. Ya faragha wanakutumia peke yako, na unayajibu kwa saa ulizozitaja. Kwenye WhatsApp ya biashara weka ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa zamu, ukiwa na dalili za hatari na amri moja: usisubiri jibu langu, nenda hospitali.

Kuhusu kisukari, nakubali kwamba kina mvuto, na kama ungekuwa muuguzi wa kliniki hiyo ningekwambia ukichukue, lakini ukikate: kisukari na Ramadhani. Watu wetu hapo wana maswali ambayo vitabu vya wageni havina. Nifunge au nisifunge? Sindano niipige futari au daku? Kupima sukari kwa kuchoma kidole kunafunguza? Wanazuoni wengi wanasema hakufunguzi, na mgonjwa akisikia hivyo ndipo anapokubali kupima. Akipima, mwongozo wa kimataifa unampa mipaka iliyo wazi: sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungue hapo hapo, na asingoje magharibi hata kama imebaki nusu saa. (Mashine nyengine zinasoma 70 na 300, ni kipimo kile kile kwa hesabu nyengine.) Elimu nzuri sana hiyo. Ila ni kama karafuu, ina msimu, na msimu ukipita unakaa unautazama mti. Ramadhani yenyewe kila mwaka inakuja mapema kwa siku kama kumi na moja. Mkunga asianze na biashara ya mwezi mmoja katika jambo ambalo si kazi yake ya kila siku. Ukiwa na jina, tafuta mwenzako wa kliniki ya kisukari mkafanye kwa ajili ya waja wazito wenye kisukari cha mimba. Hiyo inakuhusu.

Ngozi na unene, acha. Uwanja umejaa watu wenye taa nzuri na sura nzuri, wanaahidi mambo ambayo wewe kwa cheti chako huwezi kuyaahidi, na ukisema kweli utaonekana hujui. Afya ya akili pia iache, isipokuwa lile linalokufikia mlangoni: mzazi anayelia kila siku, halali hata mtoto akilala, hamtaki mtoto. Huyo umtambue na umpeleke kwa wanaohusika. Nyumba nyingi zitakwambia ni shetani au ni kijicho, usibishane nao, sema tu "na hospitali pia twendeni."

Umesema unaogopa kupoteza wateja wa vyengine. Wateja gani, mwanangu? Bado huna hata mmoja. Anayejitangaza kwa mambo sita hakumbukwi kwa lolote. Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba zaidi ya watu 540,000, na Zanzibar nzima karibu 1,890,000. Katika hao, na Waswahili wa Mombasa, Dar na Omani wanaoelewa mkaja ni kitu gani, wewe unawataka kumi kwa kundi. Na yule uliyemlea arobaini yake atarudi mwenyewe kukuuliza habari za kumwanzishia mtoto uji na za uzazi wa mpango. Hapo ndipo unapotanuka, kwa kufuata swali la mtu aliyekwisha kukulipa.

Kuhusu mvutano wa pesa na mapenzi, wote wawili wamekupa nusu ya jambo. Kupenda kitu kunakusaidia usikichoke mwezi wa nane. Pesa inakuonesha kwamba kuna mwengine anayekihitaji kweli. Mimi ningeongeza la tatu ambalo hawakukutajia: unaruhusiwa? Sisi si wauza vitenge. Leseni yako inatoka Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar, na chochote utakachosema kwenye simu utakuwa umekisema kama mkunga, hata ukiandika chini yake "huu si ushauri wa kitabibu". Toa elimu, sikiliza, tambua hatari, mpeleke mtu panapostahiki. Usimwandikie mtu dawa ambaye hujamuona, na usisome picha ya kipimo ukatoa hukumu. Kwa vile ni mtumishi wa umma, mwandikie mkuu wako wa kazi barua, ueleze unafanya nini na saa ngapi, nakala moja ubaki nayo. Na usije ukamgawia mtu namba yako ya biashara akiwa kitandani wodini kwako. Hata kama hakuna aliyekuona, siku moja mtu atasema "kule hospitali bila ya kumlipa fulani huhudumiwi vizuri," na hapo umekwisha.

Siri nayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya imeziweka katika taarifa nyeti. Lakini hata pasingekuwa na sheria, unaijua Pemba. Ukipiga picha ya ujumbe, ukafuta jina, ukaiweka kwenye stetasi kuonesha wateja wanavyokushukuru, jioni yake mtaa mzima wa Machomanne unajua ni mtoto wa nani, kwa sababu ya swali lenyewe na namna alivyoandika. Usiweke kabisa. Ukitaka ushuhuda, mteja mwenyewe auweke kwake.

Sasa jaribu, na usitengeneze tovuti wala nembo wala kununua taa ya kupigia video. Kwa wiki mbili weka kwenye stetasi swali moja kila siku kutoka kwenye lile daftari lako, kwa maneno yao wenyewe, na jibu lake kwa sauti ya dakika moja. Angalia nani anaandika nyuma yake, hasa walio nje ya Pemba. Wiki ya tatu tangaza kundi la watu watano tu kwa nusu bei, malipo kabla ya kuanza. Wakilipa watano, endelea. Wakisifu wote na asilipe mtu, usikate tamaa na usipunguze bei zaidi, badilisha unayemzungumza. Jaribu mume badala ya dada, au mzazi wa kupasuliwa badala ya mzazi wa kwanza, kisha tangaza tena. Pesa zikianza kuingia kila mwezi, nenda Mamlaka ya Mapato uulize stahiki yako mapema, kabla hawajakuuliza wao.

Imebaki habari ya vidonge vya rafiki yako. Usivichukue, hata kimoja. Mwombe namba ya usajili ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar uone atakujibu nini. Wateja wako watakuwa wanawake wanaonyonyesha, na kidonge kisichojulikana kilichomo hakimpati mama peke yake. Na usidhani ninachokisema ni cha vidonge vya unene tu. Hata kile kinachojulikana na kila mtu kina mahali pake. Ilikuwa hapo hapo Pemba ambapo watoto wadogo walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku katika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2006. Wakati huo malaria ilikuwa bado kali, na waliopewa waliugua sana hata kulazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa, mpaka ugawaji wa madini hayo ukabidi usimamishwe. Vile vilitolewa na wataalamu, kwa vipimo, na walikuwapo wa kuhesabu. Vya rafiki yako anavihesabu nani? Mwambie kwa upole kwamba umeshapata biashara nyengine, na akikuletea katoni bandarini Mkoani bila ya kukuuliza, irudi na boti ile ile.